Orodha Isiyosomwa na Mwenyewe

Miongoni mwa wacheza michezo ya maandishi ya kompyuta mna shutuma kongwe, ambayo hurithiwa kwa mazoea kuliko kwa hoja. Shutuma hiyo yasema kwamba mchezaji anayeiandikia programu yake maagizo, akayahifadhi mambo katika vigeu na kuyapanga katika orodha, huyo hachezi tena. Mashine ndiyo ichezayo, naye amekaa pembeni mfano wa abiria aliyelala. Shutuma hii yapendeza masikioni kwa kuwa imejivika joho la utu: yadai kumtetea binadamu asipokonywe nafasi yake na chombo. Lakini joho si mwili. Ikivuliwa, hubaki dai dhaifu lisilojua mchezo wenyewe umejengwa kwa kitu gani, wala orodha ni kitu gani. Na ubaya wake mkubwa zaidi ni kwamba, kwa kumpiga asiye mkosaji, yamwacha mkosaji wa kweli apite mlangoni bila ya kuulizwa.

Mkosaji huyo yupo. Si yule aliyeiandika orodha yake mwenyewe, bali ni yule anayeitegemea orodha asiyoweza kuisoma.

Yafaa kwanza ikumbukwe michezo hii ni ya namna gani, kwani wengi wa zama hizi wameujua mchezo wa kompyuta kwa picha tu. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kutunga ulimwengu ambamo watu kadhaa waliweza kuingia kwa wakati mmoja. Mwenzake Richard Bartle aliupokea na kuuendeleza. Waliuita MUD, na jina hilo likawa la jamii nzima ya michezo iliyofuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, Denmark, walitoa DikuMUD, nayo ikazaa ukoo mkubwa. Katika michezo hiyo chumba ni sentensi. Adui ni sentensi. Jeraha ni sentensi, na mauti pia ni sentensi. Mchezaji huandika kitenzi chake, seva humrudishia aya, na baina ya kitenzi na aya ndimo yalimo maisha yote ya mchezo.

Basi mwenye kuujua ulimwengu huo hana budi kukiri jambo moja: humo, kucheza ni kusoma. Asiyesoma hauawi na upanga. Huuawa na mstari uliompita.

Mistari hiyo hupokelewa na programu iliyomo katika kompyuta ya mchezaji. Programu za mwanzo hazikufanya zaidi ya kuyaonyesha maandishi yaliyoingia na kuyapeleka yaliyoandikwa. Kisha zikaja zenye kufahamu maagizo: TinTin ya Peter Unold, iliyotungwa kwa ajili ya ukoo wa DikuMUD, zMUD ya Mike Potter, iliyopendwa sana na watumiaji wa Windows katika miaka ya 1990, MUSHclient ya Nick Gammon wa Australia, na baadaye Mudlet, ambayo hutolewa bure pamoja na msimbo wake. Katika zote hizo nguzo ni tatu. Upo mtego, yaani sentensi au kipande cha sentensi ambacho programu hukivizia katika maandishi yanayoingia. Kipo kigeu, yaani jina lililobebeshwa thamani iwezayo kubadilika. Na ipo orodha, yaani thamani nyingi zilizokusanywa chini ya jina moja. Mtego ukinasa sentensi isemayo kwamba pumzi imembana mchezaji, orodha ya maradhi huongezwa neno moja. Ukinasa sentensi isemayo kwamba pumzi imerejea, neno hilo hufutwa.

Wenye kushutumu husoma maelezo kama hayo na kusema: tazama, kila kitu chafanywa na mashine. Lakini nani aliyeamua kwamba sentensi ile ina maana ya kubanwa na pumzi? Nani aliyetambua kwamba mchezo hulisema jambo hilo hilo kwa namna tatu mbalimbali, kwa kutegemea nani ameshambulia na kwa silaha gani? Nani aliyegundua kwamba sentensi moja kati ya hizo hufanana mno na nyingine isiyo na madhara, zikatofautiana kwa neno moja tu la mwisho? Mashine haikufanya hata kimoja kati ya hivyo. Amefanya msomaji, tena msomaji wa makini kuliko yule anayejisifu kwamba husoma kwa macho yake tu, kwa sababu macho husamehe ilhali mtego hausamehi. Mwenye kutega mtego huwajibika kuijua sentensi mpaka kwenye nukta yake.

Hata umbo la orodha lenyewe ni uamuzi wa fikra. Katika zMUD orodha ilikuwa mfuatano wa maneno yaliyotengwa kwa vijiti vya wima, mfano wa uzio. Mudlet hutumia Lua, lugha iliyoundwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, Brazil, na ambayo jina lake kwa Kireno ni mwezi. Humo chombo kimoja, yaani jedwali, hutumika kwa kazi mbili. Mtu aweza kupanga vitu kwa namba, cha kwanza, cha pili, cha tatu. Au aweza kuvitaja kwa majina, kila jina na thamani yake, kama kidahizo cha kamusi na maelezo yake. Tofauti hiyo si ya mapambo. Mchezaji aliyeyapanga maradhi kwa namba bila ya tahadhari, sentensi ya ugonjwa ikimjia mara mbili, orodha yake itauandika ugonjwa huo mara mbili. Akitibiwa, programu itafuta mmoja. Wa pili atabaki, ugonjwa wa mzimu, naye ataendelea kunywa dawa ya maradhi asiyokuwa nayo. Aliyeyataja kwa majina hapatwi na balaa hilo, kwa kuwa jina moja halina ila nafasi moja. Huyu wa pili ameliuliza jambo swali ambalo mwenzake hakuliuliza: je, ugonjwa ni kitu cha kuhesabiwa, au ni hali ambayo ama ipo ama haipo? Swali hilo ni la mantiki na la lugha kabla ya kuwa la kompyuta.

Mfano ulio wazi kuliko yote umo katika Achaea, mchezo uliofunguliwa mwaka 1997 na ambao vita vyake vimejengwa juu ya maradhi kuliko juu ya majeraha. Mshambuliaji humpachika mwenzake maradhi moja baada ya jingine, na kila maradhi yana tiba yake: mengine hutibiwa kwa majani ya kula, mengine kwa marhamu ya kupaka, mengine kwa moshi wa kuvuta katika kiko. Tena baada ya kila tiba hapana budi muda upite kabla ya tiba ya aina hiyo kutumika tena. Hapo ndipo uhodari wa watunzi wa mchezo ulipofumba fumbo lao. Pumu humzuia mtu kuvuta moshi. Utelezi wa ngozi humzuia kupaka marhamu. Kukosa hamu ya chakula humzuia kula. Sasa na atazamwe mtu aliyepatwa na yote matatu. Pumu hutibiwa kwa kula, naye hawezi kula. Kukosa hamu hutibiwa kwa marhamu, naye marhamu hayamshiki. Utelezi hutibiwa kwa kula au kwa moshi, navyo vyote viwili vimefungwa. Miongoni mwa njia zilizobaki ni ile ya kuikaza akili, ambayo huweza kuondoa ukosefu wa hamu. Na hiyo nayo ina maradhi yake ya kuifunga. Wachezaji huliita hilo kufuli, na mwenye kufungiwa humo ni maiti anayesubiri siku yake.

Hapa ndipo swali la orodha linapokuwa swali la uhai. Mchezaji mwenye maradhi manne aanze na lipi? Orodha iliyopangwa kwa alfabeti itamwua. Orodha iliyopangwa kwa mfuatano wa kuingia kwa maradhi nayo itamwua, isipokuwa kwa bahati. Orodha inayomwokoa ni ile iliyopangwa na mtu aliyekaa kitako, usiku baada ya kushindwa, akausoma upya mstari kwa mstari kila wino wa pambano lake, akauliza: ni wakati gani hasa mlango ulifungwa, na ni mlango upi ulikuwa ungali wazi kabla yake? Kisha akaliweka neno moja juu ya jingine. Kuliweka neno moja juu ya jingine, kwa sababu inayojulikana na kwa gharama inayojulikana, ni kazi ambayo watu wa fasihi hawana haki ya kuidharau. Ndiyo kazi yao.

Shutuma yajibu kwamba, hata hivyo, maagizo humpa mtu kasi isiyo ya kibinadamu. Ni kweli; na kwa hiyo michezo mingi imepiga marufuku kuiacha programu icheze ilhali mwenyewe hayupo mbele ya kibodi. Marufuku hiyo ni ya haki. Lakini kinachokatazwa hapo ni kutokuwapo kwa mtu, si kuwapo kwa orodha. Kuyachanganya mawili hayo ni sawa na kuikataza kalamu kwa sababu yupo aliyeghushi saini.

Tena wapo watu ambao kwao kasi hiyo si anasa hata kidogo. Michezo ya maandishi ni miongoni mwa michezo michache ya kompyuta ambamo wasioona wameingia kwa miguu yao wenyewe, kwa sababu kisichokuwa na picha hakimfungii nje asiyeona picha. Programu za kusoma skrini kwa sauti, kama vile NVDA, iliyoanzishwa nchini Australia mwaka 2006 na ambayo hutolewa bure, humsomea mchezaji kila mstari uingiao. Lakini sikio si jicho. Jicho huruka mistari ishirini likatua kwenye wa ishirini na moja. Sikio hulazimika kuzisubiri ishirini zote, na katika vita mistari ishirini huingia kabla ya mtu kumeza mate. Kwa hiyo mchezaji asiyeona huficha mistari isiyo na faida, huiweka afya yake katika kigeu, na huamuru kwamba akibonyeza kitufe fulani atajiwe namba hiyo peke yake. Orodha ya waliomo chumbani humtajia majina bila ya kumrudishia maelezo ya kuta aliyoyasikia mara mia. Kumwambia mtu huyo kwamba vigeu ni udanganyifu ni kumwambia atoke. Anayeishikilia shutuma na aitamke mbele yake, kisha aone kama joho lake la utu bado lamkaa.

Ikiwa hivyo ndivyo, kosa li wapi?

Kosa li katika soko. Kwa kuwa mitego na orodha za vita vya namna hii huhitaji miezi ya kazi, palitokea wachezaji waliouza mifumo mizima ya tiba, maelfu ya mistari ya maagizo yaliyofungwa pamoja. Mnunuzi huipakia, huiwasha, na papo hapo huwa na orodha zilizopangwa na mtu mwingine kwa sababu ambazo hazijui. Hakuna ubaya kuazima. Kila mwenye kujifunza huazima. Ubaya ni kuazima kisichofunguliwa. Mtu huyo hana orodha, orodha ndiyo imempata yeye.

Na ulimwengu wa maneno una namna yake ya kumwadhibu. Katika Achaea iko fani moja ya wapiganaji ambao miongoni mwa silaha zao ni kuzua maono: mpiganaji hutunga sentensi ya uongo, nayo ikaonekana kwenye skrini ya adui kana kwamba mchezo wenyewe ndio ulioisema. Mstari wasema kwamba umepatwa na maradhi, kumbe hukupatwa. Binadamu anayesoma aweza kustuka: mbona sentensi hii imekuja bila ya shambulio kutangulia? Mbona imekosa ile iliyozoeleka kuiandama? Mfumo ulionunuliwa na usioeleweka hauna mbona. Sentensi imelingana na mtego, basi neno laingizwa katika orodha, na tiba yatumika kwa ugonjwa usiokuwapo; na muda ule wa kusubiri tiba nyingine ndio adui aliokuwa akiutafuta. Mtu ameuawa na uongo ulioambiwa kigeu chake.

Na itafakariwe silaha hiyo kwa utulivu. Mtunzi wa maono humsoma adui kupitia orodha ya adui. Hujua kwamba mwenziwe haangalii tena maandishi, huangalia majina mekundu yaliyopangwa pembeni mwa skrini. Basi hampigi yeye. Huyapiga yale majina. Dhidi ya silaha hiyo ngao ni moja, nayo ni ile ile ya kila msomaji wa mafumbo: kutoiamini sentensi kabla ya kuiuliza imetoka wapi. Mchezaji aliyeandika orodha zake mwenyewe huweza kuifundisha programu yake kutilia shaka: ugonjwa usiandikwe ila shambulio limeonekana kabla yake, na usifutwe ila tiba imetumika. Kwa maneno mengine huifundisha kusoma muktadha. Mnunuzi husubiri muuzaji atoe toleo jipya.

Adhabu ya pili ni ya kimya zaidi. Kigeu hakijui wakati. Kikiambiwa kwamba afya ni 4,000 kitaendelea kusema 4,000 mpaka kiambiwe vingine, hata kama mwenyewe amekwisha anguka. Watunzi wa mchezo wakirekebisha neno moja katika sentensi, pengine kwa kusahihisha tahajia tu, mtego uliokuwa ukiivizia hufa bila ya kulia, na orodha iliyoutegemea huganda na kuwa kumbukumbu ya jana inayojidai kuwa khabari ya leo. Aliyeitega kwa mkono wake huhisi haraka kwamba kitu hakipo mahali pake. Aliyeinunua hutazama orodha tupu na kujiona mzima.

Wapo wanaosema kwamba kadhia hii yote imekwisha, kwa kuwa wenye michezo wenyewe wameitatua. Siku hizi michezo mingi hupeleka, pamoja na maandishi, mkondo wa pili wa khabari zilizopangwa, kwa utaratibu uitwao GMCP. Afya hufika ikiwa namba yenye jina lake, bila ya kuhitaji mtego wa kuinasa. Achaea nayo imeweka tiba inayoendeshwa na seva, kiasi kwamba mgeni asiyejua kuandika agizo lolote hutibiwa bila ya kununua chochote. Hapana shaka kwamba hatua hiyo imewaondolea maskini na wageni dhuluma ya soko, na asiyekiri hilo si mwadilifu. Lakini haikuondoa swali, imelihamisha. Seva nayo hutibu kwa orodha ya vipaumbele, na mchezaji amepewa ruhusa ya kuipanga upya. Mwenye kuiacha kama alivyoikuta amerudi pale pale alipokuwa mnunuzi: anatibiwa kwa hukumu ya mtu mwingine, na adui yeyote aliyewahi kuisoma orodha hiyo ya pamoja anajua mapema hatua yake ya pili itakuwa ipi. Orodha ya bure isiyosomwa ni sawa na ya kulipia isiyosomwa.

Na lipo jambo jingine linaloponyoka katika suluhisho hilo. Khabari inapofika tayari ikiwa namba na jina, sentensi hubaki pambo. Mtunzi aliyekesha akitafuta namna ya kusema kwamba koo la mtu limekauka na mkono wake hautii, ameandikia nani, ikiwa kila aliyemo husoma mkondo wa pili? Mchezo wa maandishi ambao maandishi yake hayahitajiki ni mchezo wa picha uliokosa picha. Wenye kulaumu vigeu kwa kuua usomaji walipaswa kuielekeza lawama huku. Mtego wa zamani, pamoja na ugumu wake wote, ulimlazimisha mtu kuipenda sentensi au angalau kuiogopa.

Basi yanayopasa kudaiwa ni machache na yanawezekana. Mifumo na itolewe wazi, pamoja na maelezo ya kwa nini neno hili limewekwa juu ya lile. Wanaowafundisha wageni waanze na kigeu kimoja na mtego mmoja, si na furushi la maelfu. Wenye michezo wanaotoa orodha ya tiba iliyo tayari waieleze sababu zake, ili mgeni aweze kuikataa kwa akili. Na kila mwenye kuchukua orodha ya mwenziwe ayabadilishe majina yaliyomo kwa majina anayoyafahamu.

Dai hilo la mwisho si dogo, khasa kwa wenye kusema Kiswahili. Katika toleo la Lua linalotumiwa na Mudlet, maneno yaliyotengwa ambayo mtunzi haruhusiwi kuyafanya majina yake ni 21 tu, yote ya Kiingereza. Vigeu na orodha zote hupewa jina na mwenyewe, na herufi za Kiswahili hupokewa na lugha hiyo, ila ile alama ya ng'. Hakuna kinachomzuia mtu kukiita kigeu chake afya, orodha yake maradhi, na kazi yake tibu. Mashine haitauliza. Lakini mwenyewe, akirudi baada ya miezi sita kutafuta kosa, atakuta ukurasa unaosomeka na si msitu wa vifupisho vya watu wengine. Jina ndilo mpini wa kitu. Asiyelishika jina hashiki kitu.

Kwa hiyo shutuma kongwe na ipumzishwe. Aliyekaa usiku akapanga maneno kumi na mawili kwa mfuatano anaoweza kuutetea, hakuacha kucheza hata kidogo; amecheza kabla ya wenziwe kuamka. Anayestahili kuulizwa ni yule ambaye orodha yake imemwokoa jana, imemwua leo, naye hajui kwa nini katika siku zote mbili.